Tajiri alipokuja, daftari likanyamaza

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa ghala bandarini Tanga, na mtu aliyezoea kuhesabu magunia ya watu haachi kuhesabu hata akirudi nyumbani. Mwaka 1962 vijana wa mtaa wetu wa Ngamiani walipoamua kuwa na timu yao ya mpira, hawakumpa unahodha wala ukocha, maana uwanjani hakuwa na maajabu. Walimpa uweka hazina, naye akaushika miaka 34.

Alipofariki, kaka zangu walichukua baiskeli na saa ya ukutani. Mimi binti nikaachiwa sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kanzu mbili, filimbi ya refa isiyolia, bahasha ya kaki, na kauntabuku tatu nene zilizofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Sanduku lilikaa uvunguni mwa kitanda changu miaka mingi bila kuguswa. Nilidhani ni takataka za mzee. Nilipostaafu ualimu nikawa na muda, nikaifungua ile kamba, na tangu siku hiyo nina ugomvi na karibu kila mtu anayeniambia kwamba anaijua historia ya mpira wa mitaani.

Jina la timu yetu silitaji. Wazee wawili waliobaki kati ya walioianzisha mpaka leo hawasemezani kwa sababu ya nani alilibuni, na mimi sitaki kuitwa shahidi. Inatosha kusema kwamba ilikuwa timu ndogo katika mtaa wenye majirani wakubwa. Ngamiani ndiko nyumbani kwa African Sports, Wana Kimanumanu, walioanza mwaka 1936, na Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walioanza mwaka 1948. Mtoto wa Ngamiani alizaliwa akakuta nyumba imeshagawanyika: baba huku, mjomba kule. Timu yetu ilikuwa ya jioni, ya watu waliokwisha kuchagua timu zao kubwa lakini wakataka na ya kwao, ambayo mchezaji akikosa bao unaweza kumfuata mpaka barazani kwao ukamuuliza vizuri.

Ukimuuliza mzee yeyote wa mtaa habari za timu ile, atakutajia vikombe viwili na bao moja. Bao lenyewe lilifungwa uwanjani Tangamano kutoka mbali, na kila mwaka linazidi kuwa mbali. Mara ya mwisho kulisikia, mfungaji alikuwa ameupiga mpira kutoka karibu na lango letu. Hiyo ndiyo historia tuliyoizoea. Daftari la baba linasema mambo mengine kabisa.

Ukurasa wa kwanza una majina thelathini na moja, na mbele ya kila jina thumuni moja. Senti hamsini kwa mwezi. Wapo makuli wa bandarini, washona nguo, wavuvi wa Sahare, mwalimu wa madrasa, fundi baiskeli, na mtu mmoja aliyeandikwa kwa jina la utani tu, la Kidigo, ambalo siwezi kulichapisha gazetini. Kwa thumuni hizo walinunua mpira mmoja wa ngozi, ule wa kufunga kwa kamba ambao ukiupiga kichwa siku ya mvua unaona nyota. Baba aliandika bei yake, kisha wiki mbili baadaye akaandika: “Kibofu kimepasuka. Kiraka.” Wiki iliyofuata: “Kiraka kimepasuka.” Ndipo kikanunuliwa kibofu kipya, na waliolipa zaidi ya thumuni mwezi huo wamepigiwa mstari chini ya majina yao.

Jezi zilikuwa fulana nyeupe za kawaida. Mama yangu alizitia rangi ya bluu uani kwetu, kwenye sufuria kubwa iliyokuwa ya shughuli. Daftari lina “Rangi, pakiti 3”, halina neno juu ya sufuria. Mimi nakumbuka sufuria. Katika hitima iliyofuata pilau ilitoka na weusi wa namna yake, na shangazi mmoja akakataa kula akidhani ni mambo ya watu. Nyavu za magoli zilikuwa jarife kuukuu la wavuvi, matundu makubwa kiasi kwamba mpira ukipigwa kwa nguvu ulipenya, na ubishi ukaanza upya kama limeingia au limepita pembeni. Mistari ilichorwa kwa majivu, chokaa ikipatikana ni sikukuu. Wakati wa mapumziko wachezaji walikula machungwa ya Muheza. Machungwa yameandikwa kila Jumapili, kwa idadi. Baba alihesabu hata machungwa.

Kuna mstari mwingine unaorudi kila tunapokaribia kucheza na mtaa wa jirani: “Mambo mengine, sh. 15.” Wakati mpira mzima hauna fedha ya kiraka, mambo mengine yana shilingi kumi na tano. Niliwahi kumuuliza baba, akiwa mzee tayari. Alinitazama juu ya miwani akasema, “Mwanangu, mengine ni mengine.” Msomaji wa mpira wa Tanzania hahitaji kuelezwa habari za kamati ya ufundi. Nitasema tu kwamba baba alikuwa na tabia ya kuandika matokeo pembeni kwa penseli, na nimelinganisha. Mechi za mambo mengine tulifungwa nyingi kuliko tulizoshinda.

Lakini kurasa nyingi hazizungumzii mpira kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kusoma polepole. “Teksi, kumpeleka beki hospitali ya Bombo, mguu.” “Sanda na ubani,” na jina la mvuvi ambaye mtoto wake nilisoma naye. “Mchango wa harusi ya kipa.” “Nauli ya mgeni aliyeibiwa stendi,” mgeni ambaye hakuwa hata mwanachama, mchezaji wa timu ya Pangani waliyocheza nayo siku hiyo. “Daftari na penseli, mtoto wa marehemu,” na hiyo inarudi kila Januari kwa miaka saba mfululizo, mpaka mtoto alipomaliza darasa la saba. Nilihesabu mistari ya kauntabuku la pili mwanzo mpaka mwisho. Iliyohusu misiba, ugonjwa na shule ilikuwa mingi kuliko iliyohusu mipira, njumu na usafiri. Kumbe tuliita timu kitu ambacho kilikuwa ukoo wa hiari, na mechi ya Jumapili ilikuwa kisingizio cha kukutana na kudaiana.

Sisemi haya ili kuwatia wazee wetu marashi. Daftari hilo hilo lina aibu yake. Mama yangu, aliyetia rangi zile fulana, na wanawake wengine wa mtaa waliopika chai na mihogo ya wachezaji, walichanga pia. Hawamo katika orodha ya wanachama. Michango yao imeandikwa nyuma ya kitabu chini ya neno “Nyumbani”, bila majina, kana kwamba fedha zile zilitoka kwenye kuta. Mwaka wa uchaguzi wa viongozi walipika, wakapakua, wakaosha vyombo, na kura wakapiga waume zao. Baba alikuwa mtu wa haki katika hesabu, ila hesabu ile hakuiona.

Sasa nifike penye ugomvi wangu.

Kila mtu mjini ana maelezo yake kwa nini timu za mitaa zimekufa. Wengi husema ni umaskini. Mkonge ulipoanguka, wanasema, Tanga ilianguka, na Tanga ilipoanguka mpira ukafa. Ni maelezo mazuri, yana huzuni, na hayamlaumu aliyepo kibarazani. Mimi nami niliyaamini, mpaka nilipotazama miaka ya shida kwenye daftari.

Chukua miaka ile baada ya vita vya Kagera, ya foleni za RTC, tulipokuwa tukipanga mawe na vikapu kushika nafasi za watu waliolala. Chukua mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo mtu aliyekuwa na katoni ya sabuni aliogopa kama aliyeficha maiti. Nilitarajia kukuta kurasa tupu. Nilikuta kurasa zilizojaa. Mwandiko wa baba umebanana kwa sababu karatasi nayo ilikuwa adimu, lakini wanachama wanalipa. Wasio na fedha wanalipa kwa kitu. “Kalipa kwa sabuni, nusu mche.” “Sukari robo kilo, ya chai ya wachezaji.” “Hana. Kashona jezi nne, imehesabiwa ada ya miezi mitatu.” Fundi cherehani huyo alikuwa anadaiwa na dunia nzima, lakini timu hakuidai wala haikumdai. Wanachama walikuwa wamefika themanini na zaidi.

Mwaka 1988 Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, kikosi ambacho ndani yake alikuwemo Juma Mgunda, ambaye vijana wa leo wanamjua kwa ukocha, mji ulichanganyikiwa. Tarehe ya sherehe, baba ameandika maneno matatu: “Leo hakulipa mtu.” Jumapili iliyofuata walilipa mara mbili, pamoja na wale wa Kimanumanu ambao wiki nzima hawakutaka kutoka ndani.

Umaskini, basi, haukuiua timu yetu. Ada hazikukatika njaa ilipoingia. Zilikatika neema ilipoingia.

Mwaka 1993 alitujia tajiri. Jina lake silitaji, na sitaki msomaji wa Tanga aanze kukisia, maana watu wa namna yake walikuwa wengi na wengi walikuwa na nia njema. Soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba na redio zinaingia, na yeye alikuwa amefanikiwa. Alikuja kibarazani jioni moja, akasalimia wazee kwa adabu zote, akasema anataka kuwa mlezi wa timu. Akaleta jezi seti mbili zenye jina la duka lake kifuani. Akaleta njumu kwa kila mchezaji, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Akakodi basi dogo la kwenda Korogwe, wakati sisi tulizoea kupanda nyuma ya lori juu ya magunia. Wachezaji walianza kupewa fedha ya soda. Baadaye wakaja wachezaji ambao hatukujua mama zao wanakaa wapi. Mamluki, kwa lugha ya mchangani. Tulishinda. Kombe la pili kati ya yale mawili wanayotajiwa wajukuu lilikuja msimu ule.

Fungua kauntabuku la tatu utazame. Mwezi ule aliokuja tajiri walilipa watu sabini na wawili. Mwezi uliofuata, arobaini. Mwezi wa tatu, kumi na tisa. Hakuna aliyekatazwa kulipa, wala hakuna mkutano uliofuta ada. Watu walijiuliza tu, kama ambavyo mimi na wewe tungejiuliza: thumuni yangu ya nini, na tajiri yupo? Kabla mwaka haujaisha kurasa ni nyeupe, zina tarehe tu. Baba aliendelea kuandika tarehe kila Jumapili na chini yake kuacha wazi. Sijawahi kuona kitu cha kimya kama kurasa zile.

Na ada zilipokatika, mengine yakakatika nayo bila mtu kutangaza. Hakuna tena sanda, hakuna teksi ya Bombo, hakuna penseli za Januari. Tajiri hakuwa mchoyo. Hakujua tu kwamba kulikuwa na penseli. Angejuaje, wakati yeye alileta timu ya mpira kwa watu waliokuwa na kitu kingine?

Uchaguzi wa 1995 ulikuja, mlezi wetu akagombea, kura hazikutosha. Simlaumu kwa kukasirika, nani asingekasirika? Basi likaacha kuja. Seti moja ya jezi ikarudi dukani kwake, nyingine ikaishia migongoni mwa watu kama nguo za shamba. Mamluki walitoweka na njumu zao. Mwaka 1996 wazee wakaitisha mkutano kurudisha ada. Walilipa sita. Baba aliandika: “Hesabu imefungwa. Salio sh. 340.” Akaweka sahihi, akaweka tarehe, akafunga kwa katani. Ile bahasha ya kaki niliyoikuta sandukuni ilikuwa na sarafu tatu za mia na mbili za ishirini. Alikaa nazo mpaka kufa bila kuzigusa, kwa sababu hazikuwa zake.

Wenzangu watasema, Mwalimu, hicho ni kisa cha mtaa mmoja. Basi tazameni nchi. Kulikuwa na wakati ramani ya ligi yetu ilisomeka kama orodha ya mashirika: RTC Kagera, RTC Kigoma, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Pamba ya Mwanza. Timu nzuri, na baadhi zilitisha kweli. Lakini mlipaji alikuwa mmoja, ofisi moja yenye mhuri mmoja. Mashirika yalipoyumba, ukatafuta timu ukakuta jina. Pamba ilichukua miaka na miaka kurudi Ligi Kuu, na iliporudi mwaka 2024 ilirudi kama Pamba Jiji, mikononi mwa mlipaji mwingine.

Zitazame na hizo mbili zinazotufanya tusielewane majumbani. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili timu za vijana wa mitaa ya Dar es Salaam, za watu wa kawaida kama makuli na mafundi wetu. Simba kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, jina la timu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 lilipobadilishwa. Zote mbili zimepita katika vurugu za kila aina. Yanga iligawanyika mwaka 1976, walioondoka wakaunda Pan African, na mwaka 1982 Pan wakatwaa ubingwa wa Bara. Ungedhani Yanga ingekufa kwa pigo lile. Haikufa, kwa sababu wachezaji wanahama lakini mwenye kadi ya uanachama hahami. Anakaa pale Jangwani, analalamika, na kesho anarudi kulalamika tena. Kulalamika huko ndiko uhai. Hata mageuzi ya kuingiza wawekezaji yalipokuja, kanuni za serikali zilitaka wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51. Aliyeandika kanuni hiyo alielewa alichokielewa baba: tajiri akaribishwe, lakini asikae kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Ajabu ni kwamba kinga hiyo tumeiweka kwa timu zenye mabilioni, na timu ya mtaa, ambayo haina hata nyavu, tumeiacha ijiuze mia kwa mia kwa mtu wa kwanza mwenye seti ya jezi.

Mwaka 2016 mkoa wetu ulipata msiba ambao sidhani kama mkoa mwingine umewahi kuupata. Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, zilishuka daraja msimu mmoja. Zilizoshuka zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwa zetu. Jioni ile kibarazani walilaumiwa makocha, walilaumiwa waamuzi, akalaumiwa mchezaji mmoja kwa kunyoa vibaya. Nilikuwa jikoni nasikiliza. Hakuna aliyeuliza ni nani kati yetu pale amelipa ada ya klabu anayoililia. Na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa sijalipa. Coastal walirudi mwaka 2018, na msimu wa 2023/24 wakashika nafasi ya nne wakaenda kucheza Afrika. Nilishangilia kama wengine. Ada nililipa baadaye, kwa haya.

Tuna neno letu la mpira wa namna hii: mpira wa ridhaa. Siku hizi tunalitamka kama kashfa, timu ya ridhaa kwa maana ya timu ya wasio na kitu. Lakini ridhaa ni kukubali kwa moyo. Ni neno la ndoa, na ni neno la mtu anayetoa bila kushikwa shati. Mchezaji wa ridhaa ameridhia kucheza. Nani basi anaridhia kumnunulia mpira? Ikiwa ridhaa ni ya wachezaji kumi na moja peke yao, na sisi wengine ni watazamaji tunaosubiri tajiri, hiyo si timu ya ridhaa. Ni timu ya matumaini.

Nina mapendekezo, na si ya gharama. Timu inapokwenda kuandikishwa wilayani huombwa katiba, majina ya viongozi na picha. Katiba nyingi za timu za mtaa zimenakiliwa moja kwa nyingine, mpaka makosa ya herufi yanafanana. Chama cha mpira kiombe na daftari la ada la miezi sita iliyopita. Timu isiyoweza kuonyesha watu ishirini waliolipa, hata mia tano mia tano, iambiwe kwa upole ikajipange kwanza. Pili, mfadhili akija, na aje, mchango wake upite mkononi mwa mweka hazina na uandikwe mstari mmoja kama mistari ya wengine, na kanuni ya timu iseme kwamba mwaka ambao ada za wanachama zimeshuka, fedha ya mfadhili inasubiri. Aliyekuja kusaidia atasubiri. Aliyekuja kwa kura hatasubiri, nasi tutakuwa tumemjua mapema. Tatu, wanawake waandikwe kwa majina yao.

Najua jibu. Mjukuu wangu, anayecheza kiungo na kujiona amefika, aliniambia, “Bibi, mpira wa sasa ni pesa. Elfu moja ya mtu itanunua nini?” Tulipiga hesabu pamoja mezani. Watu mia moja, elfu moja kwa mwezi, ni laki moja. Itanunua chokaa, machungwa, na mpira kila unapochakaa, itamlipa refa, itabaki kidogo ya teksi ya Bombo. Haitanunua mamluki hata mguu mmoja. Alisema, “Ndiyo ninachosema mimi.” Nikamwambia ndicho ninachosema na mimi.

Miezi michache iliyopita vijana wa mtaa, yeye akiwemo, walinijia jioni wakiwa wameoga na kuvaa vizuri, nikajua wanataka kitu. Walikuwa wameamua kuifufua timu, na walitaka niwe mlezi. Maana yake, pensheni yangu inunue jezi. Niliwapa chai. Kisha nikaleta zile kauntabuku tatu nikawaachia mezani, nikaenda kuswali. Niliporudi walikuwa wamekizunguka kitabu cha kwanza, kila mmoja anatafuta babu yake. Mmoja alikuwa amempata, ameandikwa “Hana. Atalipa mwezi ujao,” miezi mitano mfululizo. Walicheka mpaka wakakohoa. Wa pili alimkuta wake kwenye mstari wa sanda, akanyamaza.

Jezi sikununua. Nilinunua kauntabuku la nne. Mstari wa kwanza niliandika: “Salio kutoka daftari la zamani, sh. 340,” nikazitoa zile sarafu tano kwenye bahasha nikaziweka juu ya meza ili kila mtu azione. Mstari wa pili niliandika jina la marehemu mama yangu, kamili, na mbele yake nikaweka elfu moja. Mstari wa tatu ni wangu.

Huo ulikuwa mwezi wa kwanza, na walilipa kumi na mmoja. Mwezi uliofuata walilipa saba, nikapita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani kama mdai wa Kimanga. Mwezi huu wamefika ishirini na sita, wanawake tisa. Wanaodaiwa ni wanne, na mmoja wao ni kiungo wetu, mjukuu wangu, ambaye analala nyumbani kwangu na kula chakula changu. Nimeandika mbele ya jina lake, kwa mwandiko niliorithi kwa baba: “Hana. Atalipa mwezi ujao.”